Atachimenti ya Ng'ambo: Bustani ya Burudani si Mahali pa Mchezo

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii tumeiandika katika insha nyingi hapa shuleni hata wengine wetu tumeichosha. Lakini mimi nimeielewa upya kwa sababu ya dada yangu, binti ya mama mdogo, ambaye aliondoka hapa Voi mwezi wa Agosti 2025 kwenda Florida, Marekani, kufanya mafunzo ya kazi katika bustani ya burudani. Nataka kueleza safari ya namna hii huwaje: mtu hupitia mlango gani, hulipwaje, huishije peke yake mbali na kwao, na ni mambo gani ayaangalie kabla ya kukubali. Nimeonelea niandike kwa sababu wengi wetu tuna ndoto za kwenda majuu, na habari tunazozipata ni za picha tu, za mtu anayecheka kando ya gari jekundu ambalo pengine si lake.

Kwanza tuelewane hiyo bustani ni nini. Si bustani ya maua wala ya sukuma wiki. Ni eneo kubwa lililozungushiwa ua, na ndani yake mna mabembea marefu kama minara, treni ndogo zinazopanda polepole kisha zikaporomoka watu wakipiga mayowe, maigizo, maandamano ya ngoma, maduka na mikahawa. Mtu hununua tiketi langoni akaingia kushinda humo kutwa. Walt Disney alifungua bustani yake ya kwanza, Disneyland, huko California tarehe 17 Julai 1955. Ile kubwa zaidi, Walt Disney World, ilifunguliwa karibu na mji wa Orlando, Florida, tarehe 1 Oktoba 1971, karibu miaka mitano baada ya yeye mwenyewe kufariki. Leo mahali hapo pana bustani kubwa 4 na wafanyakazi zaidi ya 70,000. Hilo ni jeshi zima! Bustani nyingine nyingi za makampuni mengine ziko Florida, na dada yuko katika mojawapo ya hizo.

Sasa hao wafanyakazi wote wanafanya nini? Wanafagia, wanakaanga viazi, wanafua mashuka ya hoteli, wanaangalia mikanda ya usalama kama imefungwa, wanapanga foleni, wanaokota watoto waliopotea. Katika bustani za Disney mfanyakazi huhesabiwa kuwa mwigizaji. Sare yake huitwa vazi la maigizo, mahali penye wageni huitwa jukwaani, na mahali wasipoingia wageni huitwa nyuma ya jukwaa. Bustani ya Magic Kingdom ina njia za wafanyakazi ambazo ziko chini ya barabara wanazotembea wageni, ili mtu aliyevaa nguo za zamani za kale asionekane akikatiza katika mtaa wa siku zijazo. Takataka pia hupitia huko huko chini. Mgeni haoni chochote ila furaha. Kwa hivyo, msomaji, furaha ile inatengenezwa kama vile mkate unavyotengenezwa, na mwenye kwenda huko kwa atachimenti haendi kula mkate. Anaenda kuukanda.

Nyanya yetu hakulielewa jambo hili hata kidogo. Aliposikia habari ya safari aliuliza, "Ni kazi gani hiyo ya kulipwa kwa kucheza? Huyo mtoto anauzwa." Wacha nimtetee Nyanya, kwa maana hakuwa akipayuka. Sote tumesikia habari za wasichana wa Kenya waliokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wengine wakanyang'anywa pasipoti, wengine wakarudishwa wakiwa maiti. Mtu aliyesikia hayo redioni akaambiwa mjukuu wake anaitwa ng'ambo na watu asiowajua, atalalaje? Basi mimi ndiye niliyepewa karatasi zote nizisome na kumweleza Nyanya kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Hayo niliyomweleza ndiyo ninayowaeleza nanyi.

Jambo la kwanza ni karatasi. Marekani ina viza iitwayo J-1, ambayo ni ya watu wanaokwenda kujifunza na kubadilishana ujuzi, kisha warudi kwao. Ndani ya viza hiyo mna sehemu ya wanafunzi wa mafunzo ya kazi. Anayeomba sharti awe anasoma katika chuo kilicho nje ya Marekani, au awe amemaliza chuo si zaidi ya miezi 12 iliyopita. Kwa hivyo sisi wa kidato cha tatu tusijisumbue kwanza. Muda wake hauzidi miezi 12. Haombi mtu hivi hivi tu, bali kupitia shirika mdhamini lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Shirika hilo ndilo linalotoa fomu iitwayo DS-2019, na bila fomu hiyo ubalozi ulioko Gigiri, Nairobi, hauwezi kukupa viza hiyo.

Tena kuna fomu nyingine, DS-7002, na hii ndiyo niliyomsomea Nyanya mara tatu. Ni mpango wa mafunzo. Inaonyesha utafanya kazi gani, chini ya nani, utajifunza nini mwezi wa kwanza na nini mwezi wa saba. Hutiwa sahihi na mwanafunzi, mwajiri na mdhamini. Sheria yenyewe inasema mafunzo yawe angalau saa 32 kwa wiki, na kazi za kukaa ofisini kupanga karatasi zisipite asilimia 20. Kwa wale wa hoteli na utalii, kama dada, mafunzo yakiwa ya miezi 6 au zaidi ni lazima mwanafunzi apitishwe katika idara zisizopungua 3. Maana yake hawawezi kukuweka jikoni unaosha sahani mwaka mzima halafu wakaita hayo ni mafunzo. Aidha, sharti uwe na bima ya matibabu ya angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali.

Iko pia viza ya Q, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1990, kwa watu wa miaka 18 na zaidi wanaokwenda kuonyesha utamaduni wa nchi zao. Hiyo haizidi miezi 15, na mshahara lazima ulingane na wa wenyeji wafanyao kazi kama hiyo. Bustani kubwa za Florida zimeitumia sana.

Nyanya aliuliza la pasipoti. Nilimwambia kwamba sheria ya Marekani inaharamisha mtu kuichukua pasipoti yako ili akulazimishe kufanya kazi. Zaidi ya hayo, kufuatana na sheria iliyopitishwa mwaka 2008, anayeomba viza ya J-1 hupewa kijitabu kinachoeleza haki zake na nambari ya simu ya bure ya kuomba msaada. Hapo Nyanya akatulia kidogo. Akasema, "Hicho kijitabu akifunge kwenye leso, asikiweke ndani ya sanduku." Akawa na maana kwamba sanduku hupotea.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa ndipo wengi huanguka. Watu wakisikia mtu analipwa kwa dola, wao tayari washajenga nyumba ya mawe. Ebu tuhesabu pamoja. Mnamo Novemba 2020 wananchi wa Florida walipiga kura mshahara wa chini uwe ukipanda kila mwaka. Tarehe 30 Septemba 2025 ulifika dola 14 kwa saa, na umepangiwa dola 15 kuanzia tarehe 30 Septemba 2026. Tuchukue mtu anayelipwa kima hicho cha chini cha dola 14 kwa zile saa 32. Kwa wiki anapata dola 448. Wacha sasa tumtoe gharama, na hizi ni za mfano tu: kodi ya serikali dola 45, chumba dola 180, chakula dola 75, basi na simu dola 28. Jumla ni dola 328. Anabaki na dola 120. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa karibu shilingi 129, kwa hivyo hizo ni shilingi 15,480 kwa wiki.

Mtu atasema, "Si pesa nzuri hizo?" Ni nzuri, lakini kumbuka hakufika huko kwa miguu. Ada ya viza ni dola 185 tangu mwaka 2023, na ada ya kuandikishwa katika mtambo wa wanafunzi wa J-1 ni dola 220. Hizo mbili tu ni dola 405, yaani zaidi ya shilingi 52,000, kabla ya ada ya shirika mdhamini. Tiketi ya ndege nayo tuseme ni shilingi 150,000. Kwa masazo ya shilingi 15,480 kwa wiki, tiketi peke yake italipwa kwa karibu wiki 10. Miezi miwili na nusu, msomaji, mtu anafanya kazi kuilipa ndege ambayo ilishatua zamani!

Kwetu sisi tiketi ilitokana na mchango wa harambee na mkopo wa chama cha akina mama ambamo mama mdogo ni mwanachama. Mwezi wa pili haujaisha, majirani washaanza: "Mtoto hajatuma kitu? Ama ameshasahau watu?" Maneno hayo yalimchoma mama mdogo. Ikabidi niiandike hesabu hii kwenye karatasi kubwa, kwa Kiswahili, akaenda nayo kwenye mkutano wa chama. Akina mama waliisoma, wakahesabu upya kwa simu zao, wakaona ni kweli. Wakamwongezea muda wa kulipa. Mpaka leo naamini kwamba karatasi ile ilifanya kazi kuliko kugombana na majirani, maana ugomvi haupunguzi deni.

Jambo la tatu haliko katika fomu yoyote, nalo ni upweke. Dada alipangiwa nyumba moja na wasichana wa nchi nyingine tatu. Ukidhani basi walikuwa wakipiga gumzo kila jioni, umekosea. Zamu zao hazikulingana. Mmoja akiingia, mwingine anatoka, na mlangoni wanapishana kama matatu barabarani. Kazini anasimama saa nane, akitabasamu kwa kila apitaye, maana kutabasamu ni sehemu ya kazi. Aliniambia, "Uso unachoka kabla ya miguu." Jambo hili lilinishangaza. Hapa kwetu ukimpita mtu bila kumwamkia ni habari ya mtaa mzima. Kule mtu anaweza kuamkiwa na watu elfu moja kwa siku, na asiwepo hata mmoja anayetaka kujua ameamkaje.

Hali ya hewa nayo haisaidii sana. Wakati wa kiangazi Florida ni joto la mvuke, na alasiri nyingi mvua ya radi hushuka ghafla, mabembea yakasimamishwa mpaka radi ipite. Msimu wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na mgeni anapaswa kujua mapema atakimbilia wapi kukitangazwa kimbunga.

Halafu kuna saa. Mji wa Orlando uko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi, na saa 8 wakati wa baridi, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Dada na Nyanya walikuwa wamepatana kuongea kila Jumapili saa tatu asubuhi ya kule, ambayo huku ni saa kumi jioni. Tarehe 2 Novemba 2025 saa kumi ilifika, simu kimya. Saa kumi na nusu, kimya. Nyanya alivua kitambaa cha kichwa akaketi chini sakafuni, na sisi tukajua anamlilia mtu. Simu ililia saa kumi na moja kamili. Dada kwa upande wake alikuwa amepiga kwa wakati ule ule wa siku zote, saa tatu yake. Kumbe ni saa za ukutani zilizorudishwa nyuma! Ndugu msomaji, kama una mtu ng'ambo, liandike jambo hili kwenye kalenda ya nyumbani kwenu. Ni jambo dogo lakini linaweza kumpandisha mzee shinikizo la damu.

Ni nini basi kilichomsaidia dada? Hakuna dawa kubwa. Alitafuta unga mweupe wa mahindi katika duka la watu wa kutoka Amerika ya Kusini akawa anasonga sima yake, mchuzi wa maharagwe kando. Alijiunga na kwaya ya kanisa lililo karibu. Alimfundisha msichana mmoja wa pale nyumbani kusema "habari ya asubuhi", naye akafundishwa salamu ya kwao, na tangu hapo angalau mtu mmoja akawa anauliza kwa kutaka kujua. Tena aliacha kutuficha. Mwanzoni kila tukimpigia alisema "niko fiti, niko fiti." Siku alipomwambia mama yake wazi kwamba amechoka na analia bafuni, mama mdogo hakumwambia arudi wala avumilie. Alimuuliza tu amekula nini. Dada anasema swali lile lilimtosha wiki nzima.

Siku moja ya mapumziko alikwenda kuitembelea bustani ya Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, hapa mtege masikio. Ndani ya bustani hiyo mna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe, na majengo yake yaliigwa kutoka kwa mji wa Lamu. Mabango yameandikwa Kiswahili. Kutoka hapo magari huwapeleka wageni kutazama tembo, twiga na simba, na matembezi hayo huitwa Kilimanjaro Safaris. Karibu na hapo iko hoteli yenye jengo liitwalo Jambo House na jingine liitwalo Kidani Village. Lugha yetu imetangulia kufika kule, na haikuomba viza!

Dada aliona mibuyu mikubwa huko Harambe, akaisogelea kwa furaha, maana kwetu Voi mibuyu ndiyo inayokuonyesha njia ya nyumbani. Kumbe ni ya saruji. Aliponisimulia hayo alicheka, akasema aliupapasa ule mti kama mtu anayempapasa mgonjwa. Tena watu walikuwa wamelipa pesa nyingi kumwona tembo, hali huku kwetu tembo wa Tsavo huja usiku wenyewe, bila tiketi, wakamaliza mahindi ya Nyanya. Sisemi hayo kuwadharau waliojenga mji ule, kwa maana wameusanii kwa ustadi mkubwa. Nasema tu kwamba mtu aliye mbali na kwao anaweza kukutana na picha ya kwao, akazidi kutamani penyewe.

Kabla sijaweka kalamu chini, ningependa kuwapa mambo machache ya kuangalia, hasa wenzetu wa kidato cha nne ambao karibuni wataanza kupokea simu za mawakala. Anayekuahidi viza kwa hakika ni mwongo, maana viza hutolewa na afisa wa ubalozi baada ya mahojiano. Uliza jina la shirika mdhamini, ulitafute mwenyewe katika orodha ya serikali ya Marekani. Kwa kazi za nchi yoyote ya nje, angalia kama wakala ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira hapa Kenya. Soma mkataba wote, na kama kuna neno hulielewi, usitie sahihi mpaka ulielewe. Acha nakala za pasipoti, fomu na mkataba kwa mtu wa nyumbani anayejua kusoma. Fanya hesabu kabla ya harambee, tena uwasomee waliochanga, ili kila mtu ajue pesa zitaanza kuonekana mwezi gani. Panga siku na saa ya kuongea na watu wako, na uwaambie ukweli, wa tamu na wa chungu.

Kama utaniuliza mimi, je, ni vyema mtu kwenda? Nitajibu ndiyo, tena bila kusita. Dada amepitia jikoni, mapokezi ya wageni na idara ya usalama wa mabembea, na sasa anajua namna ya kuwapanga watu 500 foleni bila hata mmoja kukasirika. Hoteli zetu za Voi, Diani na Malindi zinahitaji ujuzi huo. Mkataba wake ni wa miezi 12, na anasema atarudi kumaliza masomo. Lakini aende aliyezielewa karatasi zake na kuifanya hesabu yake, na aliye na mtu nyumbani wa kumuuliza amekula nini. Tembea ujionee, wahenga walisema. Nami naongeza, tembea ukijua umeitwa kufanya nini. Wanaocheka katika bustani ile ni wale walionunua tiketi langoni. Sisi tukienda kwa atachimenti, tunaingilia mlango wa nyuma, wa wafanyakazi, na hakuna aibu yoyote katika mlango huo maadamu tuliujua kabla ya kupanda ndege.